Funga ya Bi Mwanamkisi

Kila asubuhi Bi Mwanamkisi alikaa ukumbini akishona kofia. Nyumba yake iko mtaa wa Langoni, mjini Amu, kisiwani Lamu, katika kichochoro chembamba ambacho punda wawili hawapishani. Mumewe, Bwana Famau, ni mwashi. Kazi ya kujenga ilipokuwapo, walikula na kusaza. Kisha kazi ikakatika, na sufuria ikaanza kuinjikwa mara moja tu kwa siku.

Bi Mwanamkisi alikuwa na ugonjwa wa sukari. Aliyejua ni mumewe peke yake. Dawa alizinunua katika duka la mbali, akazificha ndani ya buibui. Zahanati ya serikali ilikuwa karibu, lakini hakutaka kuonekana kwenye benchi siku ya kliniki ya sukari. Watu wa Amu wanapenda stara. Ni jambo jema, silikatai. Lakini kuna stara inayoua, na hiyo ndiyo iliyoingia katika nyumba hii.

Pesa za dawa zilipokwisha, hakumwambia mumewe. Alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi, funga ya sunna. Aliwaza hivi: "Nisipokula, sukari haitapanda. Dawa kidogo niliyo nayo itakaa." Baadaye akafunga karibu kila siku. Nani atamuuliza mtu aliyefunga kwa nini hamezi vidonge?

Majirani walimsifu kwa ucha Mungu wake. Famau naye aliona fahari. Masikini, hakujua anasifu nini.

Siku moja Bi Mwanamkisi alikanyaga kigae uani. Hakusikia maumivu. Sukari ilikuwa imekwisha kuua hisia za nyayo zake. Aliona damu sakafuni, akafunga kitambaa, akaendelea kushona. Kidonda hakikupona. Kikaanza kunuka.

"Guu lina nini?" Famau aliuliza.

"Hapana kitu. Litapoa."

"Ndoo, sogea hapa, nilione."

Famau alifungua kitambaa. Kidole kilikuwa cheusi. Alitoka mbio bila viatu, akapanda ngazi za nyumba ya jirani. Pale juu alikuwa amepanga chumba Cherotich, muuguzi wa zahanati, aliyetoka bara.

Famau alimweleza habari ya sukari, na Cherotich akaja na kipimo chake. Alimdunga Bi Mwanamkisi kidoleni, akaitazama damu kwenye mashine. Uso wake ukabadilika.

"Bi Mwanamkisi, sukari yako iko juu sana. Dawa umemeza lini?"

"Mimi nimefunga," akajibu. "Sijala kitu tangu alfajiri. Sukari itapandaje?"

"Mwili wenyewe hutoa sukari, hata tumbo likiwa tupu. Dawa ndiyo huishusha. Kufunga si dawa. Na mgonjwa kama wewe akifunga bila kuongozwa na daktari, anaweza kuanguka na kufa."

Bi Mwanamkisi aliinamisha kichwa. "Dawa zimekwisha," akasema. Machozi yakadondokea kofia aliyokuwa akiishona.

"Kwani hukunambia dawa zimekwisha?" Famau aliuliza.

"Ulikuwa huna kazi. Ningekwambia, ungefanya nini? Ungeenda kuiba?"

Famau alikifunga tena kidonda, akamwinua.

Walimpeleka hospitali siku ile ile. Madaktari walijaribu kukiokoa kidole, wakashindwa. Kisha wakajaribu kuuokoa unyayo. Ugonjwa ulikuwa umetangulia. Mwishowe walimkata mguu chini ya goti.

Famau alikaa kwenye ukumbi wa hospitali akilia mbele za watu. Hakujali tena nani anamwona. Cherotich alipokuja kuwatazama, Famau alimwambia, "Nimelikata mimi guu lile. Kwa kutouliza."

"Bwana Famau, kulia hakukatazwi," Cherotich akasema. "Lakini mguu mwingine bado upo, na macho yapo, na figo zipo. Akikosa dawa tena, hivyo navyo vitakwenda. Mmejiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali?"

"Ile bima? Ile ni ya walioandikwa kazi."

"Hapana. Ni ya kila mtu. Kujiandikisha ni bure. Chukua kitambulisho chako na chake, njoo zahanati, tutakusaidia. Ukishajiandikisha, pale zahanati hulipii kumwona daktari, wala kupimwa, wala dawa zilizopo."

"Na hapa hospitali kubwa?"

"Hapa kuna mchango wa mwaka. Utaulizwa hali ya nyumba yako, na mchango utapangwa kwa hali hiyo. Sema ukweli, usijikweze. Ukiona huwezi, usitoroke. Hospitali ina afisa wa ustawi wa jamii. Kazi yake ni kusikiliza watu kama wewe na kuwaombea nafuu."

"Na dawa ikikosekana zahanati?"

"Hukosekana, sitakudanganya. Ikikosekana, uliza itafika lini, na uliza kituo gani kingine kinayo. Usimwache akae bila dawa. Kama lazima mnunue na hamna kitu, nenda msikitini. Si kuna kamati ya zaka?"

Famau alishtuka. "Msikiti ule niliupaka chokaa kwa mikono hii. Yeo niende kuuomba?"

Lakini alikwenda. Baada ya sala ya alasiri alimngoja Ustadh Taha, mkuu wa kamati ya zaka, mpaka watu wakatoka. Alisema maneno machache, akainamia mkeka.

"Bwana Famau," Ustadh Taha akasema, "zaka si hisani yangu kwako. Ni haki aliyoiweka Mola kwa masikini. Haki yako imekaa hapa, na mkeo amekatwa guu. Mbona hukuya mapema?"

Neno lile lilimuuma Famau kuliko tusi. Tangu hapo, dawa ikikosekana zahanati, kamati huinunua.

Leo Bi Mwanamkisi anatembea kwa magongo. Anameza dawa kila siku pamoja na chakula. Kila siku ya kliniki yuko pale benchini, uso wazi, akiongea na wenzake. Sukari yake imeshuka. Macho yake bado yanaona tundu la sindano, na kofia zake zinauzwa. Mguu haukurudi, wala hautarudi.

Juzi alikuja jirani yake, Nusra, mke wa nyumba ya pili. Alifunga mlango nyuma yake, akasema kwa sauti ya chini.

"Mimi nina presha. Dawa zimekwisha tangu mwezi uliopita, na mume wangu hajui. Nimesikia wewe wapata. Lakini naona haya kwenda pale. Usimwambie mtu, tafadhali."

Bi Mwanamkisi aliweka kofia chini, akalivuta pindo la gauni lake mpaka gotini. Nusra alitazama, akafunika mdomo kwa mkono.

"Mimi pia niliona haya," Bi Mwanamkisi akasema. "Nipa magongo yangu. Twende sasa hivi."

"Tupite kwa nyuma, basi."

"La. Kwa nyuma ni mbali, nami nina guu moya. Twapita ndia kuu."

"Watu watatuona!"

"Na watuone."