Jibu la Simu ya Alhamisi

Gari la mfamasia lilikuwa limebusu nguzo mbele ya soko, na watu walishajaa kutazama. Akajipenyeza mwanamke wa ovaroli ya bluu, kitambaa chekundu kichwani, akapapasa mlango uliobonyea.

"Umegonga nguzo, au nguzo ndiyo iliyokufuata?"

"Ilinifuata, dada."

"Basi lilete gereji. Fundi ni mimi."

Mfamasia akalipeleka. Akamwona akigonga bati taratibu kwa nyundo, upande wa ndani ameegemeza chuma, kisha anafumba macho na kupitisha kiganja, akitafuta bonde ambalo jicho halilioni. Hata gari lilipokwisha kupigwa rangi, mfamasia hakuacha kuja.

"Leo umegonga nini tena?"

"Moyo, fundi wangu. Unanyooka huo?"

"Mpaka niupige msasa kwanza."

Wakapendana kwelikweli. Ila miaka kumi na miwili ya nyundo ilikuwa imeyala masikio ya fundi, naye alificha. Hakutaka kuonewa huruma. Ana kwa ana alisoma midomo. Kwenye simu alikisia.

Alhamisi moja mfamasia akapiga. "Mpenzi, nataka nikuoe. Jumamosi njoo nyumbani, mama anataka kukuona. Utakuja?"

Fundi alisikia mvumo tu. Akadhani anaalikwa matembezi ya jioni.

"Hapana, mpenzi," akacheka. "Nimechoka mwenzio. Tuache tu."

Jumamosi mama, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alipika, akangoja, akaondoa vyombo. Mwanawe hakupiga simu tena, wala hakujibu ujumbe. Fundi alipomfuata kwenye duka lake la dawa, aliambiwa kahamia mji mwingine.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja mfamasia akatokea gereji, shati jeupe, pete kidoleni. Fundi alikuwa akipiga msasa boneti, vumbi la pati ya kuzibia mabonde limemjaa kwenye kope.

"Kwa nini ulinikataa?" aliuliza, uso kaugeuzia ukutani.

"Sema ukinitazama. Sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla yako."

Mfamasia akaandika kwa kidole juu ya vumbi la boneti: *Siku ile nilikuomba nikuoe.*

Fundi alisoma, akarudia.

"Ningekuja," alisema. "Hata na ovaroli hii ningekuja."

"Mke wangu ana mimba ya miezi mitano."

Hayo aliyasoma midomoni, neno kwa neno. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Mfamasia alipoondoka, fundi alilowesha kitambaa akafuta boneti yote, maana mpiga rangi alishafika.