Uso wa Mzee Ndaki Kwenye Chupa

Wewe unayesoma, nikuulize kwanza: umewahi kukutana na uso wako mahali ambapo hukuupeleka? Simaanishi kwenye kioo wala kwenye ndoo ya maji. Namaanisha barabarani, umebandikwa kwenye nguzo, unawachekea wapita njia.

Mzee Ndaki yalimkuta hayo. Ni jirani yangu hapa Kharumwa, ng'ambo ya uzio wa minyaa. Analima mpunga na viazi vitamu, na ana ng'ombe wachache. Kanisani ni mzee wa kanisa. Vijana wanaotaka kuoana hupelekwa kwanza kwake na kwa mkewe Lusia, wafundishwe kuishi kwa adabu. Kazi hiyo anaipenda kuliko zote.

Siku moja ya kiangazi, mgeni alisimamisha pikipiki yake pale kwao. Alikuwa Bartholomeo, muuza dawa za miti shamba kutoka Nyasubi, Kahama. Jua lilikuwa limemkausha midomo. Lusia akampa kiti cha kamba na maziwa ya mgando. Mzee Ndaki naye akainua kibuyu chake, akanywa, akafumba macho kwa utamu.

"Hapo hapo, mzee!" Bartholomeo akatoa simu. "Picha moja tu, ya kumbukumbu."

Mzee Ndaki alivutavuta kola ya shati. Lakini kwake mgeni hanyimwi kitu.

"Haya, piga," akasema.

Bartholomeo akapiga. Akauliza jina na umri, akamwachia fulana nyeupe, akaenda zake.

Ukapita mwezi. Siku ya mnada Lusia alikwenda kununua dagaa. Alirudi bila dagaa, akasimama mlangoni.

"Baba Mageni, kitanda chetu kimevunjika lini?"

"Kitanda gani?"

"Nakuuliza wewe. Huko mnadani wanasema umevunja viwili."

Wakaenda wote wawili kutazama. Bango lilikuwa kubwa kama mlango. Mzee Ndaki alikuwepo, amefumba macho vile vile, lakini kibuyu kimeondolewa. Mkononi amewekewa chupa ya kahawia. Chini yake pameandikwa: "MZEE NDAKI WA KHARUMWA, MIAKA 81: TANGU NIANZE DAWA HII YA NGUVU ZA KIUME, NIMEVUNJA VITANDA VIWILI!"

"Mayo! Mama yangu!" alisema Mzee Ndaki.

"Na miaka themanini na moja wameitoa wapi?" Lusia aliuliza. "Wewe una sitini na nane. Mimi nimeolewa na nani, babu yangu?"

Kesho yake asubuhi alifika Gregory, fundi seremala, na futi yake mfukoni.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kupima."

"Marahaba. Kupima nini?"

"Kitanda. Nina mbao ya mninga, haivunjiki hata ukipandisha ng'ombe."

"Gregory! Kitanda changu ni kile kile tangu Mageni azaliwe! Ingia ukitazame!"

Gregory aliingia, akakitazama, hata akakitikisa. Akatoka akitikisa kichwa. "Basi mzee, dawa hiyo ni ya uongo," akasema, akaondoka na futi yake.

Kicheko kilikoma siku ya tatu. Luka, kijana wa kwao anayechimba dhahabu Nyarugusu, aliletwa na bodaboda amekunjamana kama mkeka. Alikuwa amekunywa chupa tatu, akaharisha mpaka akaishiwa nguvu, akalazwa zahanati.

"Kwa nini ulikunywa, Luka?" Mzee Ndaki alimuuliza.

"Nilikuona wewe, babu. Nikasema, mzee wa kanisa hawezi kudanganya."

Maneno hayo yalimchoma. Jumapili mchungaji naye akamwita pembeni.

"Mzee Ndaki, mimi nakujua. Ila wachumba watakaa mbele yako wakiwaza vitanda. Pumzika kufundisha mpaka jambo hili liishe."

Alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Lusia akamwambia, "Nenda ukamshitaki."

"Nitasemaje? Nimepokea fulana yake. Nimekwisha kula chake."

Akafikiri usiku kucha. Asubuhi alikuwa na jibu. Si unajua kwetu ndoa inavyovunjika? Ng'ombe wa mahari wanarudishwa, na maneno yanaisha. Basi Mzee Ndaki akaifua ile fulana kwa sabuni ya mche, akainyoosha kwa pasi ya mkaa, akaifunga kwenye gazeti. Akapanda gari hadi Kahama.

"Nimerudisha," alimwambia Bartholomeo dukani. "Sasa mimi na wewe hatudaiani. Uso wangu urudi."

Bartholomeo alifurahi kama amepata mgeni wa sikukuu. "Karibu mzee! Jamani, mleteeni soda baridi! Umetoka mbali hivi kuniona?" Akamkumbatia, na mtu mmoja wa dukani akapiga picha.

Wiki haikuisha. Bango la pili likatoka: Mzee Ndaki na Bartholomeo wamekumbatiana. "MZEE NDAKI AFUNGA SAFARI KUJA KUSHUKURU!"

Lusia hakucheka wala hakulia. Alijifunga khanga, akaenda kumwita Apolonia. Huyu ni msaidizi wa kisheria hapa kwetu. Amefunzwa kusaidia watu mambo ya sheria, na hatozi malipo.

"Shikamoo, baba," Apolonia alisema, akakaa. "Niambie. Alipopiga picha alikueleza ni ya nini?"

"Ya kumbukumbu."

"Alikuuliza kama aitumie kuuzia dawa?"

"Hapana. Lakini niliacha apige. Na nilipokea fulana."

"Baba, kukubali kupigwa picha ni jambo moja. Kukubali picha hiyo itangaze biashara ni jambo lingine. Ukimkaribisha mtu anywe maziwa, umemruhusu aondoke na ng'ombe?"

"La hasha!"

"Ndivyo ilivyo. Sura yako, jina lako, umri wako, hizo ni taarifa zako binafsi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mtu akitaka kuzitumia katika matangazo ya biashara, akueleze waziwazi, na wewe ukubali kwa hiari yako. Fulana si ridhaa. Hata kama ungekuwa umekubali, una haki ya kubadili nia."

"Basi naenda kupaka mabango yote kinyesi cha ng'ombe!" Mzee Ndaki alisimama.

"Kaa, baba. Ukiharibu, mshitakiwa utakuwa wewe."

Lusia akasema, "Na tena unatafuta kinyesi wakati zizi lenyewe hujafagia."

Apolonia akacheka, kisha akawaonyesha njia. Kwanza, ushahidi. Walipiga picha mabango yote mawili, wakaandika tarehe na mahali. Walinunua chupa moja yenye sura ya mzee, wakaitunza pamoja na risiti yake. Luka alieleza kwa maandishi yaliyompata, na muuguzi wa zahanati akapeleka taarifa ya dawa hiyo wilayani. Pili, barua. Apolonia aliandika kwa upole lakini kwa nguvu: ondoa sura na jina la mzee kila mahali, na utangaze kwamba hajawahi kutumia dawa yako. Nakala wakabaki nayo. Tatu, kama Bartholomeo angekaidi, wangepeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tume huchunguza, inaweza kuamuru matumizi yakome, na aliyeumizwa anaweza kudai fidia.

"Kumbe lipo la kufanya," Mzee Ndaki alisema taratibu.

"Lipo, baba. Tena mapema ni bora."

Bartholomeo alipoisoma ile barua hakuagiza soda. Siku ya nne mabango yalishushwa. Siku ya mnada alisimama mwenyewe na kipaza sauti, jasho likimtiririka, akatangaza kwamba Mzee Ndaki hajawahi kuonja dawa yake, na kwenye picha ile alikuwa anakunywa maziwa. Watu walipiga vigelegele. Jumapili iliyofuata mchungaji alimrudishia Mzee Ndaki wachumba wake, na jozi ya kwanza ilikuwa Luka na mchumba wake Nelly.

Yakabaki maboksi. Bartholomeo alifika tena na pikipiki, akakaa kwenye kiti cha kamba, sauti imelainika.

"Mzee wangu, mabango nimeshusha. Lakini nina maboksi ya chupa zenye sura yako. Niruhusu niyamalize tu. Hata kwa kuuzia mbali, Nyarugusu huko, huku hawataona. Wewe ni mtu wa huruma, nakujua."

Apolonia, aliyekuwa ameitwa na Lusia, alimwachia mzee ajibu mwenyewe. Lusia alishika mdomo wake kwa mkono, maana neno lilikuwa limefika kwenye meno. Mzee Ndaki alimtazama mgeni wake. Akavutavuta kola ya shati. Kisha mkono ukaiacha kola.

"Bartholomeo," akasema, "maziwa utakunywa, na kivuli utapumzika. Lakini sura yangu sitaki uiuze. Sitaki hapa, sitaki Nyarugusu, sitaki hata chupa moja. Na siku ile ya kwanza pia, sikutaka unipige picha."