Krosi za Boti na Wivu wa Nyar Uriri

Vuteni viti, jamaa zangu, na mwenye chai yake aje nayo. Habari hii haifai kusikilizwa na mtu aliyesimama mlangoni akitaka kuondoka.

Mwaka wa tisini na sita, pale Karungu kwenye ufuo wa ziwa, hakukuwa na nyumba yenye raha kuliko ya Damaris. Tulimwita Nyar Uriri, yaani binti wa Uriri, kwa sababu huko ndiko kwao. Ukipita kwake asubuhi ulipewa chai, ukipita jioni ulipewa ugali na samaki, na usipopita kabisa alituma mtu aulize unaugua nini. Mumewe, Oliver, alikuwa na boti ya faiba aliyoinunua kwa wamishonari waliokuwa wakihama. Haikuwa kama zetu za mbao zenye mashine ya kuning'iniza nyuma. Injini yake ilikuwa kubwa kama ya gari, imekaa ndani, halafu mguu wa propela ukatokeza nje kupitia ukuta wa nyuma. Ilipeleka barafu na abiria visiwani, ikarudi imejaa samaki wakubwa wa mbuta. Oliver alipokuwa akitua, tayari Damaris alikuwa amesimama majini hadi magotini, anacheka, anampokea. Wengine tulisema wale wawili walisahau kumaliza uchumba wao.

Basi boti ikaanza kugonga. Kila ikikata kona, nyuma kunalia kaka-kaka-kaka kama mtu anayetafuna mifupa. Fundi Jeremiah akaivuta nchi kavu, akaufungua ule mguu, akatoa vyuma viwili vya umbo la msalaba. Krosi.

"Hizi ndizo zinazouwezesha mguu kugeuka huku injini imetulia," Jeremiah alimwambia Oliver. "Zimeliwa na kutu. Na usiniletee za gari, bwana. Zinakaa ndani ya huu mpira wa mikunjo, na mpira huu ndio mlango wa ziwa. Krosi ikipasuka humo ndani, mpira unachanika, na mnalo ziwa lote ndani ya boti."

Damaris hakuyasikia maneno hayo. Alikuwa kanisani na akina mama wenzake. Wala baadaye hakuyauliza, na hapo ndipo penye uchungu.

Oliver akaenda Migori. Mjini kulikuwa na duka la spea la binti mmoja Msomali, Mulki, aliyeachiwa na babake. Alirudi jioni akiwa na furaha ya mtu aliyetoka shuleni.

"Mama Akeyo, leo nimeelimika," alimwambia Damaris akimega ugali. "Mulki anasema krosi haichaguliwi kwa macho. Unapima kikombe chake, hicho kifuniko cha kila ncha, kwa kipimo, halafu unaangalia klipu ya kukishikilia inakaa nje au ndani. Mulki anasema zenye kinundu cha kutilia grisi nisizishike. Za boti hii zimezibwa kabisa, maji yasipenye. Amebaki na zile kuukuu, ataagiza zinazofanana nazo Mombasa."

"Huyo Mulki ni mama mzee?"

"Mzee wapi! Msichana tu. Lakini kichwa alicho nacho, wacha!"

Ndugu zangu wanaume, hebu niwaulize. Nani aliwafundisha kuongea hivyo mbele ya bakuli la mchuzi?

Oliver akaenda mara ya pili, krosi hazijafika. Akaenda mara ya tatu, zimekuja, lakini Mulki alipozipima akaona kikombe kimezidi unywele mmoja, akazikataa, akaagiza nyingine. Kila safari Oliver alirudi na harufu ya udi kwenye shati, kwa maana Mulki alifukiza dukani ili kuua harufu ya oili.

Kezia, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaja kuazima chumvi. Mnamjua mtu wa aina hiyo. Chumvi anayo.

"Nyar Uriri, shemeji ananukia kama arusi. Siku hizi spea zinafukizwa?"

"Ni huko dukani, anasema."

"Kama duka la spea lina udi, la manukato lina nini?" Kezia akaketi bila kukaribishwa. "Mimi si mchochezi. Lakini mwanamume haendi Migori mara tatu kwa chuma kisichozidi ngumi. Hata kupeleka ng'ombe wa mahari hakuna safari nyingi hivyo."

Damaris alicheka. Lakini Kezia alipoondoka na chumvi yake, lile neno la mahari lilibaki pale kitini, limekunja nne. Tangu siku hiyo Damaris akawa hafui shati kabla ya kulinusa. "Mulki anasema" akaanza kuisikia hata pale ambapo Oliver hakuitamka. Siku moja maskini alisema, "Mulki anasema Migori kumenyesha," sufuria ikatuliwa kwa kishindo mchuzi ukaruka hadi kwenye pazia. Alijaribu kumfikiria Mulki akiwa na meno mabovu. Hakuweza. Kila alipomfikiria, msichana alizidi kupendeza.

Hatimaye mzigo ukaja, umekabidhiwa utingo wa basi. Oliver alikuwa Homa Bay kuwasihi wanunuzi wa samaki wasimpe mwingine nafasi yake. Damaris akaupokea yeye. Krosi mbili mpya, zinang'aa, zimeviringishwa kwenye kipande cha leso ya kijani na kufungwa fundo zuri.

"Tazama fundo," alijisemea. "Hivi ndivyo mtu anavyomfungia mumewe chakula cha njiani."

Msimwone mwendawazimu. Hakutaka boti iharibike, boti ndiyo iliyomlisha. Alichotaka ni jina la Mulki liharibike. Alifikiri hivi: Oliver akifunga krosi mbovu zilizotoka kwa Mulki, boti itazima hapo ufuoni, watu watacheka, naye atamlaani yule msichana na kutorudi Migori tena. Basi akapanda gari hadi Uriri kwa kaka yake, aliyekuwa akibomoa pikapu kuukuu na kuuza vipande, akamwonyesha krosi moja.

"Nataka mbili zinazofanana na hii."

Kaka akatoa mbili zake, akazigeuza. "Kwa macho zinafanana, dada. Lakini hizi zangu ni za gari. Hiyo yako ya nini?"

"Wewe nipe tu."

Damaris akapewa, akazipaka mafuta zing'ae, akazifunga kwenye ile leso ya kijani, fundo lile lile. Za Mulki akazitumbukiza chooni.

Siku ya kufunga, nusu ya ufuo tulikuwa pale, kama kawaida yetu. Jeremiah alifungua leso, akakunja uso.

"Oliver, hizi zina kinundu cha grisi. Na klipu haiingii kwenye mfuo wake hadi mwisho. Si ulisema yule dada alikukataza za namna hii?"

Damaris alikuwa akimimina chai. Mkono ukasimama hewani. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, ninaapa, mimi niliuona mdomo wake ukifunguka.

Oliver akacheka. "Funga, Jeremiah. Mulki hajawahi kunikosea. Akituma yeye, mimi sina haja ya kutazama mara mbili."

Mdomo wa Damaris ukafungika. Miaka tisa ya ndoa, na hajawahi kusemewa maneno kama hayo mbele ya watu. Akamaliza kumimina chai, na Jeremiah akazifunga krosi zile.

Boti haikuzima ufuoni. Iliondoka vizuri, ikanguruma, imebeba barafu na abiria kumi na kitu, akina mama na watoto wao. Ilipokuwa katikati ya ziwa, Oliver akakata kona kukwepa nyavu, na nyuma ukalia mlio mmoja kama risasi. Kikombe kimechomoka, shafti inajipigapiga, mpira umechanika vipande. Maji yaliingia kwa nguvu ya mto. Walichota kwa ndoo, kwa sufuria, kwa viatu. Boti ikakaa chini kwa makalio yake, pua juu, ikazama. Watu walielea wakishikilia makasha ya barafu hadi wavuvi waliokuwa wakivuta nyavu karibu wakawafikia. Hakufa mtu. Mtoto mmoja alivutwa kwa nywele, akatapika maji, akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Sasa sikilizeni mambo ya ufuoni. Oliver alishuka kwenye mtumbwi wa wavuvi ameshika krosi iliyovunjika, aliyoing'oa kwenye shafti ya injini kabla boti haijazama.

"Mulki ametaka kutuua," alisema.

Wanaume wakalipuka. Baba wa yule mtoto akapaza sauti, "Pikapu iko wapi? Twende Migori! Duka lile halilali leo!" Wengine wakaanza kuokota mawe na kuyatupa ndani ya pikapu. Mawe ya kubebwa safari nzima hadi Migori ili kumpigia mtu, fikirieni hilo.

Kezia akamfinya Damaris. "Umeona? Mungu amekupigania."

Na Damaris, nisiwafiche, alionja utamu. Kwa muda mfupi, lakini aliuonja. Lile jina lililomkosesha usingizi lilikuwa likitukanwa na ufuo mzima. Kisha akasikia jiwe likigonga bati la pikapu, na lingine, na lingine. Akamwona mama wa yule mtoto amepiga magoti mchangani. Akaenda akasimama mbele ya gari.

"Si Mulki. Ni mimi. Za Mulki nilizitupa chooni. Hizo ni za pikapu, nimezitoa Uriri."

"Ondoka hapo, mama, umechanganyikiwa," dereva alisema.

"Sijachanganyikiwa! Nilimwonea wivu!"

Mwanamume mmoja akalitupa chini jiwe lake. Oliver akamkaribia, maji bado yanamtiririka.

"Damaris. Mimi ndiye nilikuwa ndani."

"Nilidhani itazima tu, Baba Akeyo. Hapa hapa ufuoni. Nyasaye, Mungu wetu, ni shahidi."

"Jeremiah aliuliza. Wewe ulikuwa umeshika birika. Mimi ndiye nilikuwa ndani, na ukanipa chai."

Hakumpiga. Wengi walingoja ampige. Alimwambia jambo moja tu: aende Migori mwenyewe, akamweleze Mulki kwa mdomo wake.

Damaris akaenda. Alimkuta Mulki nyuma ya kaunta, na ndiyo, alikuwa mrembo, mrembo hata kuliko Damaris alivyohofia. Mulki alisikiliza hadi mwisho. Akaufunga mlango wa duka kwanza, kana kwamba wenye mawe bado wako njiani.

"Mama," alisema, "ungeniua kwa sababu ya mwanamume ambaye hata sijui anakunywa chai na sukari au bila."

Damaris akatoka dukani. Alirudi Karungu. Oliver hakumfukuza, ila hakula tena nyumbani kwake. Alikula kwa mama yake, nyumba ya pili kutoka hapo, na alfajiri alitoka kwenda kuvuta nyavu za watu wengine. Kila jioni Damaris alipika na ugali wa Oliver, akaufunika, na asubuhi akawapa kuku.

FUNZO

Wanawake wenzangu, na ninyi wanaume msicheke, wivu ni wenu pia. Mwenye wivu hujiona anapigana na yule aliye mbali, lakini mkono wake unafika kwa waliolala naye nyumba moja. Ukiwa na shaka, uliza. Uliza kwa sauti, uliza ukilia, uliza hata ukitukana, lakini usishike chombo ambacho roho za watu zimekikalia.

Nanyi akina Kezia, na mimi nikiwemo, tunaopenda kwenda kuazima chumvi: tukiwasha moto kwa jirani, tusidhani ni nyumba yake pekee itakayoungua. Siku ile kwenye boti alikuwemo dada yake Kezia, na Kezia alikuwa bado hajajua.

Na wewe unayejua umekosea, na bado birika liko mkononi mwako, na mtu ameuliza swali: hiyo ndiyo nafasi yako. Sema hapo hapo. Aibu ya ufuoni inakauka. Iliyozama katikati ya ziwa hakuna wa kuivuta.