Shayiri ya Mzee Ordgar

Siku ya nne baada ya mazishi ya mkwewe, Wulfrun alimwona bintiye Tidburh ameshika kijiko kwa kidole gumba na kidole cha mwisho. Hivyo ndivyo alivyokishika marehemu mzee Ordgar, ambaye mundu ulimkata vidole vitatu vya kati enzi za ujana wake. Mtoto alikuwa na miaka sita na vidole vyake vyote.

“Baba Tidburh, hebu mtazame mwanao,” Wulfrun alinong’ona.

Ceolred alitazama, akacheka. “Anamwiga babu yake. Mwache, amemkumbuka.”

“Na wewe hukumbuki kwamba hatujamchomea shayiri?”

Kicheko kikakatika. “Shh! Unataka tuitwe wapagani?”

Hapa kwetu, katika ufalme wa Mersia wa Uingereza ya kale, kila mtu aliijua kazi hiyo. Mtu akifia ndani, huchomwa shayiri pale pale alipokatia roho, mlango ukiwa wazi, ili moshi umtoe nje na nyumba wabaki nayo walio hai. Bibi zetu walifanya hivyo, na bibi zao pia. Lakini mwaka ule padri alitangaza kwamba atakayechoma nafaka kwa ajili ya mfu atafungishwa saumu miaka mitano, akila mkate na maji tu, na Ceolred, aliyepewa shamba na bwana wake kwa sababu ya kubatizwa, alikuwa akitetemeka akimwona padri hata kwa mbali. Mwanamume mzima, mabega kama ya maksai! Basi mzee akazikwa kwa sala peke yake. Pale kando ya meko alipofia wakatandika majani mapya, wakamlaza mtoto, maana ndipo palipokuwa na joto.

Siku ya sita kikaja kikohozi. Mzee Ordgar alikuwa na desturi ya kujikohoza mara tatu kabla ya kuketi. Wulfrun alikuwa amesimama akifuma nguo kwenye kitanda chake cha mfumi, mchana kweupe, ameyapa meko mgongo, akasikia khu, khu, khu, kisha majani yakachakarika kama vile mtu mzito anajishusha taratibu. Na alipogeuka hakumwona mtu ila Tidburh, amekaa ameweka mikono magotini, uso umemsawajika, na kutoka kwake ikamjia harufu ya sufu iliyolowa na udongo uliochimbuliwa karibuni.

“Mkwe,” mtoto akasema kwa sauti nzito, “ongeza kuni. Huku chini kuna baridi.”

Wulfrun alitoka mbio hadi kwa bibi Beage, mkunga wa kijiji, ambaye alikuwa amekataa ubatizo kwa sababu, alisema, maji ya mtoni yangemuua kabla ya kumwokoa. Alimkuta akichambua dawa. Wakazungumza vichwa vimekaribiana.

“Mfu asiyechomewa hulala na baridi, mwanangu,” bibi Beage alisema. “Akipata mwili wenye joto karibu, anajikunyata nao mpaka aumalize. Mtoto mmemlaza wapi?”

“Pale pale.”

“Nyie watu! Pale pale?”

“Nitafanyaje, bibi? Ndiye huyo huyo tu niliyenaye.”

“Choma leo, mlango wazi. Lakini sikia vizuri. Shayiri haichagui. Kilichokufa kitatoka, kilicho hai kitabaki. Kabla hujawasha, weka sikio kifuani kwa mtoto.”

“Ana baridi tu. Anakula. Anatembea.”

“Nimekwambia weka sikio.”

Wulfrun hakuweka. Aliogopa, na mimi simlaumu, kwani ni mama gani angethubutu? Alisubiri Ceolred aende kwenye ujenzi wa kanisa pamoja na wanaume wengine, akamkalisha Tidburh kwenye benchi la ukutani, akaondoa majani, akayavuta makaa yote ya mekoni hadi pale alipofia mzee, akarundika shayiri juu yake na kuacha mlango wazi.

Moshi ukapanda, ukajaa chini ya paa. Khu, khu, khu. Kikohozi kilianzia pale chini, kikasimama, kikaja upande wake hatua kwa hatua, na kitu chenye baridi kikampapasa begani, kwa kidole gumba na kidole cha mwisho, kama mkwe anayeaga, kisha kikavuka kizingiti na kwenda zake. Ile harufu ikaondoka nacho. Wulfrun alilia kwa furaha, akageuka amkumbatie mwanawe.

Tidburh alikuwa ameshuka kwenye benchi. Alikuwa anaelekea mlangoni.

“Unakwenda wapi, mwanangu?”

“Naenda na babu.” Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ile ambayo Wulfrun alitamani kuisikia. “Moshi unaniuma, mama. Niache niende.”

Wulfrun alimdaka mkono. Hapo ndipo alipopiga magoti na kuweka sikio kifuani kwa mtoto, akasikiliza, akabadilisha upande, akasikiliza tena huku akijiziba sikio la pili kwa kiganja ili asisikie shayiri ikipasuka motoni, akaomba kwa miungu ya mama yake na kwa Mungu wa padri kwa pumzi moja, na ndani ya kifua kile kidogo hapakuwa na lolote.

Alijua la kufanya. Alitakiwa amwachie mkono tu.

Badala yake alinyakua ndoo, akamwaga maji yote juu ya shayiri, akaufunga mlango kwa komeo.

Ceolred aliporudi jioni alikuta nyumba ina giza na meko yamelowa. Mkewe alikuwa amelala na mtoto chini ya blanketi.

“Mtoto hajambo?” aliuliza.

“Hajambo. Ana baridi kidogo.”

“Mama,” Tidburh alisema, “sogea karibu.”

Wulfrun akafungua vazi lake kifuani, akamvuta mwanawe mpaka ngozi ikagusana na ngozi.