Posa ya Kinanda

Stendi ya Mikumi ilifurika mchana ule. Wauza karanga walinadi, malori yalinguruma, na katikati ya vumbi alisimama kijana ndani ya suti nyeusi, amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa shuka. Letisia, aliyependeza kwa gauni la njano lililombana kiunoni, alikuwa akisubiri gari la kurudi kwao Kilosa. Uvumilivu ulimshinda.

"Kaka, samahani. Hiyo ni meza ya kupigia pasi?"

"Ni kinanda, dada. Naitwa Yared. Nawapigia watalii hotelini wakiwa wanakula."

"Na suti yote hiyo kwenye jua hili?"

"Muziki wenyewe wa Ulaya, karne ya kumi na tisa. Ukiupiga na kaptula haukubali."

Letisia alicheka mpaka gari likamwacha, wala hakujuta.

Tangu hapo simu hazikukatika. Letisia alishona nguo za wateja huku simu kaibana begani, Yared akimweleza mambo yake.

"Zamani muziki wao ulikuwa na adabu ya gwaride. Wakaja watunzi waliochoka kuwatumikia mabwana wakubwa, wakatunga ya moyoni: mbalamwezi, radi, misitu, ngoma za vijijini kwao, mapenzi yaliyokataliwa. Hata mwendo hawakuufunga. Moyo ukisita, na wimbo unasita."

"Na moyo wako wewe unasemaje, mpenzi?"

Ilisikika Yared akikivuta kinanda karibu.

"Ngoja nikupigie kipande kimoja."

Hapo ndipo alipomuudhi. Miezi ilipita, kinanda kikilia, mwenye kinanda hasemi. Nyumbani mama yake, Bi Paulina, alikuwa ameshachoka.

"Kama ana nia, aje aseme. Asiposema Jumamosi hii, nawakubalia watu wa Masanze."

Watu wa Masanze walikuwa wameleta posa ya Samson, mwanaume mzuri tu ambaye Letisia hakumpenda hata chembe.

Letisia alimwambia Yared aje aseme neno moja tu, na Jumamosi akafika, na kinanda, na spika mbili kubwa. Bi Paulina alikuwa chumbani, malaria imemlaza wiki nzima.

"Shikamoo, mama!" Yared aliamkia dirishani.

"Marahaba, baba. Subiri nivae."

Angesubiri tu! Lakini maneno aliyoyapanga njia nzima yalimpotea. Akachomeka spika barazani, akaanza kupiga kipande chenye huzuni kuliko vyote alivyovijua.

Sasa mtaani kwao, spika zikilia taratibu kwenye nyumba yenye mgonjwa, watu hawaulizi. Jirani Domina aliangusha mwiko.

"Jamani, Paulina katutoka!"

Wanawake wakaja wakilia, khanga viunoni, mabeseni ya unga kichwani. Wanaume wakaleta kuni, mikeka na turubai, wakaanza kulifunga. Yared alipoona watu wanabubujikwa machozi, alijua muziki umewagusa. Akaongeza sauti.

Bi Paulina akatokea mlangoni na kitenge kipya, poda usoni. Domina alipiga yowe akakimbilia nyuma ya choo.

"Nani kafa?" aliuliza Bi Paulina.

"Wewe!" alijibu Domina huko huko nyuma.

Letisia alitamani ardhi ipasuke. "Yared, nimekuomba neno moja tu, umeniletea msiba! Beba vyako uende. Na simu usinipigie."

Yared alichomoa waya, akakibeba kinanda mpaka barabarani. Letisia alimtazama akienda, na hasira yote ikamgeukia kuwa hofu. Akienda huyu, ni Samson.

Yared akasimama. Akakilaza kinanda majanini, akarudi mikono mitupu na kupiga magoti mbele ya Bi Paulina.

"Mama, nisamehe. Naogopa kusema, kwa sababu nikisema naweza kukataliwa. Kinanda hakuna anayekikataa. Lakini wale watunzi wangu wengine walikufa na mapenzi yao moyoni, na mimi sitaki. Nampenda Letisia. Nimekuja kuomba nimuoe."

Bi Paulina alimgeukia binti yake.

"Unamtaka?"

"Namtaka, mama. Hata na suti yake."

"Haya, futeni machozi mbandike maji," Bi Paulina aliwaambia majirani. "Unga ukishaingia kwangu haurudi."

Vigelegele vikapasuka. Domina alirudi, akamgusa Bi Paulina mkono kwanza kuhakikisha, ndipo akapiga chake.

Letisia alimsogelea Yared, machozi yakimtoka na yeye. "Sema tena."

"Nakupenda."

"Tena."

"Letisia, watu wanatuangalia."

"Waache. Walikuja kulia, na walie."

Yared akasema tena, kwa sauti iliyowafikia mpaka waliokuwa jikoni.