Mteja Asiyekula Peke Yake

Mimi nikinyamaza kidogo tu, watu huniuliza kama nimefiwa. Kazi yangu ni mdomo. Harusi, mchango wa kanisa, mazishi... nipe maiki nikuchekeshee hata mjane. Kuanzia Keroka mpaka Daraja Mbili wananiita Emsii Ombati, na wamama wa ndizi pale sokoni hunipa moja ya bure ili niende zangu, maana nikisimama hapo wateja wanacheka badala ya kununua.

Lakini hii ninayowaambia leo sijawahi kuipeleka jukwaani.

Ilianza na spika. Nilikuwa na harusi ya kuendesha kesho yake, na spika yangu ilikuwa kwa fundi kule Masimba. Jua likizama, mimi na mdogo wangu Jasper tukaipakia nyuma ya Probox yake, tukashika njia ya kurudi Kisii. Mvua ikatukuta baada ya Keroka. Mvua ya kwetu hainyeshi, inachapa. Gari likazima. Jasper akafungua boneti, akafunga, akalitukana gari na mama yake gari, akafungua tena, mpaka likawaka. Tulipofika Keumbu usiku ulikuwa umekomaa, maduka yote kufuli, na tumbo langu lilikuwa linaongea kunishinda.

Taa moja tu ilikuwa inawaka.

Hoteli ya mabati, kando ya barabara. Moshi wa jiko la makaa, harufu ya supu ya kichwa cha mbuzi.

"Twende nyumbani," Jasper akasema. "Bibi yangu ameweka chakula."

"Bibi yako anapika vizuri sana, ndiyo maana wewe umekonda. Shuka."

Kama hujawahi kula hoteli ya usiku, hujaona watu. Mle ndani kulikuwa na Walter, bawabu wa duka la dawa za mifugo, anakula maharagwe na kofia yake ya chuma kichwani, kamba imefungwa kidevuni. Kulikuwa na Abdi, dereva wa lori la ndizi za kwenda Nairobi, mtu mkubwa kama kabati, anakata mandazi kwa kisu na uma. Mezani kando ya ukuta alikaa mhubiri mmoja wa kike, anaombea kila chapati peke yake. Nikasema moyoni, Ombati, hapa umepata nyenzo za mwaka mzima.

Mwenye hoteli alikuwa mama wa makamo, mkono mzito, macho hayachezi. Wateja walimwita Bathsheba.

"Dada, tuletee ugali mbili, na kitu chochote kilichokuwa na mama," nikamwambia.

Hakucheka. Alikuwa anamwangalia Jasper.

"Ugali umeisha," akasema. "Imebaki chapati na supu ya mtu mmoja. Na ile sahani pale."

Akaelekeza kidole kwenye kona.

Sikuwa nimemwona. Mama mzee, ameketi mahali taa haifiki vizuri, leso imemfunika kichwa na uso. Mbele yake sahani kubwa ya ugali wa wimbi na mboga chungu za saga, mvuke bado unapanda. Hakuwa ameigusa.

"Huyo ni mteja wetu wa usiku," Bathsheba akasema. "Huwa hali peke yake. Anangoja mwenzake."

Jasper akavuta shati langu. "Tuondoke," akanong'ona. "Kuna harufu hapa... wewe huisikii?"

Nilikuwa naisikia. Chini ya ile harufu ya supu kulikuwa na nyingine. Mafuta taa. Na kitu kingine kama nywele zikishikwa na moto.

Nikadhani ni koroboi.

Sasa mimi, mbele ya watu, mdomo huwa haunisikilizi. Nikapaza sauti. "Jamani, Keumbu! Kijana anaitwa na mama mzee kula wimbi ya moto, anakataa! Huyu si Mkisii, huyu tulimwokota!" Abdi akacheka mpaka uma ukaanguka. Walter peke yake hakucheka. Jasper akaona aibu, njaa nayo ikamsukuma. Akaenda akaketi.

Bathsheba akaleta jagi na beseni. Akamnawisha Jasper. Akamnawisha yule mzee, aliyetoa mikono chini ya leso kidogo tu.

Maji yalianguka meusi.

Nikanyoosha mkono na mimi, nimege hata tonge moja nionje. Bathsheba akaupiga ule mkono kwa mwiko. Pah!

"Wewe hapana," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe ulikuwa Nairobi."

Ni kweli niliwahi kukaa Nairobi miaka mingi, nikichekesha watu. Lakini huyu mama nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza. Nani alimwambia?

Jasper akamega. Akachovya. Akameza. Yule mzee hakupeleka mkono mdomoni hata mara moja. Lakini upande wake wa sahani, ule ugali... ulikuwa unapungua.

Abdi akaacha mandazi yake, akatoka bila kuaga. Mhubiri akafumba macho. Walter akafungua ile kamba ya kofia, akaivua, akaishika kifuani kama mtu aliye makaburini.

"Na huyu pia," akanong'ona.

Mzee akainama mbele. Akaongea kwa sauti ya kukwaruza, kama makaa yanayosogezwa.

"Mbuya mono, Jasper."

Asante sana, Jasper.

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja jina lake.

Kisha akainua leso. Aliinua kidogo, upande wa Jasper tu. Mimi sikuona kilichokuwa pale. Nilimwona ndugu yangu akikiona. Mdomo wake ukafunguka, tonge likaanguka, na ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu.

Taa ikazima.

Ilipowaka, kona ilikuwa tupu. Sahani tupu. Kitini, jivu.

*

Kutoka usiku ule Jasper hakumeza tena. Uji, maziwa, hata maji ya kumezea dawa, alisema kila kitu ni jivu. Tulimpeleka hospitali, wakaingiza kamera kooni. Daktari akakuna kichwa. Koo safi, tumbo safi. Mtu anaisha.

Jioni moja nikafunga mlango wa chumba chake.

"Ulimjua yule mzee."

Akageukia ukuta.

"Jasper. Mimi ndiye niliyekupeleka kwenye ile sahani. Niambie."

Akaanza kulia bila machozi. Maji mwilini hayakuwepo.

"Ni magokoro Nyanchera," akasema.

Mama yangu alipofariki, Nyanchera, jirani yetu tuliyemwita magokoro, yaani nyanya, ndiye aliyetulea kwa ndizi alizouza Daraja Mbili. Mwaka alioungua nyumbani kwake, nilikuwa Nairobi. Nilipigiwa simu, nikaambiwa koroboi ilianguka. Aliyenipigia ni Jasper.

"Koroboi haikuanguka," akasema sasa. "Mzee Momanyi wa kijijini kwetu alitaka ile ploti ya magokoro ya barabarani. Akatuambia sisi vijana kwamba yule mama ni mchawi, ndiye anaua watoto wa kijiji. Akatununulia pombe. Wengine walifunga mlango kwa nje. Mimi nilileta mafuta taa tu."

Tu.

Nimesimama mbele ya maelfu ya watu, nimekosa mzaha, nikazomewa. Sijawahi kuishiwa na maneno kama siku hiyo.

"Wale wengine?"

"Wameisha. Wote kwa koo. Wote walipita Keumbu usiku wakiwa na njaa. Amebaki Momanyi. Yeye hali nje. Ana mpishi wake, ana flaski yake, hata kanisani hagusi chai."

Asubuhi nilikuwa Keumbu. Bathsheba alikuwa anasugua masufuria nje ya hoteli. Wakati huu nikamtazama vizuri, nikaona pua ya Nyanchera, na kipaji cha Nyanchera. Alikuwa binti yake mkubwa, aliyeolewa Nyamira kabla akili yangu haijashika sura za watu.

"Unajua desturi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Damu ikimwagika kati ya nyumba mbili, watu wa nyumba hizo hawali sahani moja mpaka kondoo achinjwe na maneno yasemwe mbele ya watu. Anayekula kabla ya hapo, chakula kinamkataa. Mimi sikumroga mtu. Nilifungua hoteli tu. Njaa iliwaleta."

"Nihurumie, dada. Ni mdogo wangu. Nimebaki na yeye."

"Mimi nilibaki na nani?"

Nikaokota sufuria moja, nikaanza kuisugua.

Akapangusa mikono. "Kondoo yuko nyuma ya nyumba, nimemfuga kwa kazi hiyo. Jasper aje hata akibebwa. Ataje jina la mama yangu, ataje waliomchoma. Nitachinja saa hiyo hiyo, atakula na kushiba. Sitaki kingine."

Nilirudi mbio. Nikampa Jasper habari, na kwa mara ya kwanza nikaona uhai machoni pake. Akakubali. Tukapanga asubuhi inayofuata.

Jioni hiyo Momanyi akaja kumwona mgonjwa.

Mzee mzima, koti la sufu, fimbo yenye kichwa cha jiwe lililochongwa Tabaka. Akaleta maziwa na mkate kwa mtu asiyemeza. Akaniomba niwapishe waombe. Mimi nikatoka, lakini mlango wa mbao una nyufa.

"Nasikia unataka kwenda Keumbu kuongea," akasema taratibu. "Una watoto wazuri, Jasper. Nyumba yako ni ya mbao, siyo? Mbao hushika moto upesi."

Asubuhi Jasper alikataa kuinuka. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikapiga magoti. Akafunga mdomo mpaka taya zikatetemeka. Alipokufa, ilibidi wafanyakazi wa mochari waufungue ule mdomo kwa nguvu. Mmoja aliniambia kando kwamba ndani kulikuwa na masizi.

*

Mazishi ya ndugu yangu niliyaendesha mwenyewe. Watu wakasema, Ombati, pumzika, tutatafuta mtu. Nikakataa. Chakula nikampa Bathsheba apike. Shemeji akauliza mbona nimetafuta mpishi kutoka mbali, na kina Damaris wako hapa jirani. Nikamwambia huyu ana mkono mzuri.

Momanyi alikuja. Angekosa vipi? Alihutubia kaburini, akamwita Jasper mwanawe, akapangusa jicho kavu. Baadaye akaketi meza ya wazee, flaski yake imesimama kando ya mguu wake.

Watu wakaanza kupakuliwa. Mimi nilikuwa nimeshika maiki nikiita foleni, wanawake na watoto kwanza, kijana wewe umeshapita mara ya pili, tunakuona. Watu wanacheka. Ndipo ikanifikia.

Mafuta taa.

Mwisho wa meza ya wazee, karibu na Momanyi, kiti kilichokuwa kitupu kilikuwa na mtu. Leso imefunika kichwa na uso. Bathsheba akapita katikati ya watu na sahani kubwa ya ugali wa wimbi na saga, akaiweka mezani kati ya wale wawili. Momanyi hakuitazama hata kidogo. Akainama kuchukua flaski yake.

Bathsheba akainua macho akaniangalia. Alisimama tu na jagi la maji, anangoja.

Ningeweza kuimba wimbo. Ningeweza kumwita mchungaji aombe.

Nikasogeza maiki karibu na mdomo.

"Jamani, naona mzee Momanyi amekuja na flaski yake kwenye matanga yetu! Mzee, unaogopa mkono wa wafiwa? Ama unadhani sisi ni wachawi?"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Watoto wakapiga makofi. Momanyi akatabasamu kama mtu aliyeshikwa kola.

"Huyo magokoro hapo kando yako," nikasema, "huwa hali peke yake. Msaidie, mzee wangu. Heshima ya marehemu."

Watu wote wanamtazama. Atafanya nini? Akasukuma flaski. Akakunja mkono wa koti. Bathsheba akamnawisha, kisha akamnawisha mwenzake, na mimi nikayaona yale maji yakianguka kwenye nyasi.

Akamega. Akachovya.

Nilingoja mpaka ameze.

"Mbuya mono," nikasema kwenye maiki. Spika ile ya Masimba ikalipeleka hadi mtoni.

*

Momanyi amekwenda wiki iliyopita. Wanasema koo.

Nilidhani nitalala vizuri. Lakini jana mwanawe Haron alinijia nyumbani, kijana mpole, kofia mkononi. Familia imekaa, imeamua niwaendeshee mazishi Jumamosi, kwa vile baba yao alipenda nilivyomchekesha siku ile.

Nikatafuta udhuru. Sikupata hata mmoja.

"Na usije na haraka zako, Emsii," akasema akiwa mlangoni. "Mama ameshasema. Wewe hutapakuliwa kwenye foleni na watu. Utaketi ndani na sisi wa nyumba. Tutakula sahani moja."