Kamba ya Kituyi

Mabonga, jirani yetu hapa mtaa wa Langas, Eldoret, ni fundi wa maji machafu asiyeogopa harufu wala uchawi. Jumanne moja asubuhi aliitwa mtaa wa Kapsoya na mpangaji mpya, Mama Bridgit.

"Choo inabubujika, fundi. Lori ya exhauster imekuja kunyonya tangi mara tatu mwezi huu, na naishi peke yangu!"

Mabonga alilitambua lile tangi la maji machafu. Miaka miwili nyuma mdogo wake Kituyi aliingia humo kulizibua. Walikuwa wamekubaliana: akivuta kamba mara tatu, avutwe juu. Mabonga akaiacha kamba, akaenda kunywa chai. Hewa ya mle ndani ikamuua ndugu yake.

Kwao Webuye mtu akifia mbali, ndugu huenda pale alipofia, huiita roho yake kwa jina, kisha huipeleka kaburini bila kusimama njiani. Mabonga, mzee wa kanisa, alikataa. "Hayo ni mambo ya giza," alimwambia mama yao. Mama hajamsamehe.

Basi akafanya kazi yake. Alifunga maji kwenye mita. Mabomba hayakuvuja. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima, lakini tangi lilijaa pomoni. Akamwaga maji ya rangi ya buluu chooni aone yatatokea wapi, akateremsha ndoo tangini kwa kamba. Ikapanda bila buluu yoyote. Akaiteremsha tena.

Kamba ikavutwa. Mara moja. Mbili. Tatu.

Mabonga alipiga magoti. "Kituyi," alinong'ona, "nisamehe ndugu yangu. Twende nyumbani."

Maji yakashuka. Tangi likabaki tupu.

Akawasha pikipiki kuelekea Webuye. Kiti cha nyuma kilikuwa kizito. Hakugeuka. Lakini baridi ya Eldoret haina huruma, akaona apitie kwake achukue jaketi. Dakika mbili tu.

Mkewe Namalwa alimpisha mlangoni, akamtazama mgongoni, akarudi nyuma.

"Baba Marvin," alinong'ona, "umebeba nani?"

Mabonga akavua shati. Kiunoni mwa shati palikuwa na alama za viganja viwili vya buluu, kimoja kila upande, vile abiria hushika.

Ndani, choo chao kikabubujika. Mara moja. Mbili. Tatu.

Kapsoya tangi halijajaa tena. La kwake hapa Langas hunyonywa kila wiki. Mabonga amemwita ndugu yake hadi sauti imekauka, ampeleke kaburini kwao Webuye, lakini haondoki. Na lile shati Namalwa amelifua mpaka limechanika. Viganja bado vipo.